Mwanangu akiikacha mechi ya Bowl, atapoteza nini?

SWALI: Ndugu mshauri, habari za kazi. Sisi ni watu wa Bukavu, tupo Houston mwaka wa kumi na tatu sasa. Kijana wangu wa pili yuko mwaka wa tatu chuoni na anacheza mpira wa Kimarekani. Yeye ni mlinzi, kazi yake kumkaba mpokeaji wa pembeni. Timu yao imepangiwa mechi ya Bowl mwishoni mwa Desemba, lakini kwenye mtoano wa ubingwa haimo. Kuna mabwana wawili wanampigia simu kila siku: eti ataitwa na timu ya NFL, ligi ya kulipwa, raundi ya pili au ya tatu ya kuchagua vijana, basi asicheze, asije akaumia. Mama yake yuko upande wao. Mimi nimelelewa kwamba ukilima na wenzako, huondoki kabla ya mavuno. Naomba unieleze: akijitoa anavunja mkataba? Ufadhili wake wa masomo utakatwa? Na bima ya chuo haitoshi, acheze kwa amani? — Baba wa mchezaji, Houston.

JIBU: Baba, salaam nyingi kwako na kwa mama. Kazi yangu ni bima za wanamichezo, kwa hiyo utanisamehe nikianzia kwenye fedha. Shamba na mavuno nitayafikia.

Kwanza tuelewane kuhusu mechi yenyewe: Bowl ni mechi ya mwaliko baada ya msimu wa kawaida. Mchezo wa kwanza wa aina hii ulichezwa Pasadena, California, tarehe 1 Januari 1902, chuo cha Michigan kikakifunga cha Stanford 49–0. Jina la Rose Bowl lilikuja baadaye, uwanja wenye umbo la bakuli ulipojengwa. Kwa miaka mingi kualikwa kwenye Bowl kulikuwa kilele cha msimu. Siku hizi kilele ni mtoano wa ubingwa, ulioanza msimu wa 2014 na timu 4, na tangu msimu wa 2024 unachukua 12. Walioachwa nje hucheza Bowl wakigombea kombe na heshima, basi. Ndiyo maana wachezaji walio kwenye mtoano ni nadra sana kujitoa, na walio nje yake hujitoa kila Desemba bila mtu kushtuka.

Haikuwa hivyo zamani. Mechi iliyobadilisha mambo ni Fiesta Bowl ya tarehe 1 Januari 2016, Ohio State dhidi ya Notre Dame. Notre Dame walikuwa na mlinzi wa kati, Jaylon Smith, ambaye wengi walimtaja miongoni mwa vijana watano au kumi wa kwanza watakaochukuliwa mwaka ule. Robo ya kwanza tu alianguka, kano mbili za goti la kushoto zikachanika, na neva ikaumia. Upande wa pili, Ezekiel Elliott wa Ohio State alitoka mzima akiwa amefunga mara nne.

Miezi minne baadaye timu moja ya NFL, Dallas, ikawachukua wote wawili. Kwenye drafti, yaani zoezi la timu za NFL kuchagua vijana kwa zamu, Elliott alikuwa wa 4, Smith wa 34. Elliott alisaini mkataba wa miaka minne wa karibu dola milioni 25, zote za uhakika, acheze asicheze. Smith alisaini miaka minne hiyohiyo kwa takriban milioni 6.5, na si zote zilikuwa za uhakika. Hakucheza hata dakika moja msimu wa kwanza. Ni kweli kwamba baadaye alipona, akaitwa timu ya nyota msimu wa 2019 na kupata mkataba mnono. Lakini mzazi anayepanga mambo ya mwanawe hapangi kwa kutegemea muujiza.

Desemba ya mwaka huohuo Christian McCaffrey wa Stanford alitangaza kwamba hatacheza Sun Bowl, na Leonard Fournette wa LSU, chuo kikuu cha Louisiana, aliyekuwa na kifundo kibovu, akakaa nje ya Citrus Bowl. Walisemwa sana: wabinafsi, wamewasaliti wenzao, timu za NFL zitawaogopa. Drafti ya 2017 ilipofika, Fournette alikwenda wa 4 na McCaffrey wa 8. Hapo nina jambo la pembeni la kukuchekesha kidogo, kwa kuwa unatoka Kongo. McCaffrey alichukuliwa na Carolina. Miaka 21 kabla yake, Carolina hiyohiyo, kwa nafasi hiyohiyo ya 8, ilimchukua mzaliwa wa Kinshasa, Tshimanga Biakabutuka wa Michigan. Yeye Bowl yake aliicheza, Desemba 1995, wakafungwa na Texas A&M 22–20. Mmoja alicheza, mwingine hakucheza, nafasi ikawa ileile. Kwa kijana ambaye sifa zake zimekwisha kujulikana, mechi moja ya Desemba haimpandishi. Inaweza kumshusha tu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wale mabwana wawili wanapomchanganya kijana. Tangu makubaliano ya 2011 kati ya NFL na chama cha wachezaji, mshahara wa mchezaji mpya unafuata nafasi aliyochukuliwa, karibu kama bei iliyobandikwa dukani. Bei hiyo inashuka kama mlima wetu wa Kilimanjaro: huko juu ni mwamba wima, chini ni mteremko unaoweza kuupanda kwa baiskeli. Kutoka nafasi ya 4 hadi ya 34 Smith aliporomoka zaidi ya dola milioni 18. Lakini kijana anayetoka raundi ya nne kwenda ya tano hapotezi kitu cha namna hiyo. Mshahara wa msingi unafanana, tofauti kubwa iko kwenye kitita cha kusaini. Zaidi ya hapo, huko chini wasaka vipaji bado wanalinganisha vijana ishirini wenye sifa zinazokaribiana, na mechi moja nzuri dhidi ya mpokeaji mwenye jina inaweza kumsogeza mtu mbele.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani amesema raundi ya pili au ya tatu. Kama ni wale wanaotaka kuwa mawakala wake, pokea neno lao kama unavyopokea neno la dalali wa kiwanja. NFL ina kamati yake ya ushauri kwa vijana ambao hawajamaliza miaka yao ya kucheza chuoni, kama mwanao. Chuo ndicho kinachopeleka ombi, na jibu ni moja kati ya matatu: raundi ya kwanza, raundi ya pili, au rudi shuleni. Kamati haitabiri raundi ya tano ili kumfurahisha mtu. Ikijibu rudi shuleni, basi hoja ya kuikacha Bowl imekufa, maana atakuwa anailinda bidhaa ambayo hata haijafika sokoni.

Kuhusu bima, watu wengi wanachanganya vitu vitatu. Bima ya chuo inalipa matibabu: upasuaji, mazoezi ya viungo, magongo. Haimlipi kijana senti kwa sababu ameshuka kwenye drafti. Ya pili ni bima ya ulemavu wa kudumu, ambayo hulipa pale tu mchezaji asipoweza tena kucheza kabisa. Willis McGahee wa chuo cha Miami alikuwa nayo, dola milioni 2.5, alipoumia goti vibaya kwenye Fiesta Bowl ya Januari 2003. Hakulipwa. Buffalo ilimchukua wa 23 pamoja na goti lake, akakosa msimu mzima, kisha akacheza NFL mpaka 2013. Bima ile ilifanya kazi yake sawasawa, ila haikuwa bima ya kile kilichomtokea.

Ya tatu ndiyo watu wanayoifikiria: bima ya kushuka thamani. Kampuni inakubaliana na mchezaji kwamba makadirio yake ni nafasi fulani, na wanaweka kizingiti. Akiumia, na kwa sababu ya jeraha hilo akaporomoka chini ya kizingiti, analipwa. Smith alikuwa nayo, akaripotiwa kupata takriban dola 900,000. Jake Butt wa Michigan alichanika kano ya mbele ya goti, ile ambayo mashabiki wa soka wanaijua kama ACL, kwenye Orange Bowl ya Desemba 2016. Akachukuliwa wa 145 na Denver, na bima yake ikaripotiwa kumlipa dola 543,000. Ni fedha nzuri, sitazidharau. Lakini linganisha laki tisa za Smith na zile milioni 18, utaona kwamba bima hii ni mwavuli wa mtu mmoja kwenye mvua ya masika.

Na ina masharti. Kampuni itataka picha za magoti na mabega kabla ya kusaini, na kiungo kilichowahi kuumia huenda kikatengwa kwenye mkataba. Ukificha jeraha la zamani, umewapa sababu ya kukunyima. Kushuka kwa sababu ya kukimbia taratibu kwenye majaribio ya NFL huko Indianapolis hakulipwi. Na kijana ambaye hana makadirio ya raundi za juu huuziwa kwa shida, au ada inakuwa kubwa kuliko maana yake. Nimeona familia ikikopa kulipia bima ambayo kizingiti chake kiliwekwa chini mno hata isingelipa kamwe. Waliyoisoma ni kurasa mbili za mwanzo tu.

Mkataba. Ufadhili wa masomo usikunyime usingizi: Bowl zinakuja muhula wa kwanza ukiwa umekwisha, na vyuo vya ligi kubwa vilikubaliana Januari 2015 kutonyima mwanafunzi ufadhili kwa sababu za uwanjani. Lakini mtu akijiondoa mwenyewe kwenye timu hilo ni jambo jingine, hivyo kama ana mpango wa kurudi chuoni mwakani, asiseme neno lolote la kuondoka kabla hujasoma barua yake ya ufadhili. Penye hatari hasa ni mikataba mipya. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa moja kwa moja. Humo ndani kunaweza kuwa na kipengele kinachomtaka acheze mechi zote, au kinachoruhusu kudai fedha irudishwe. Ukikikuta, hesabu yote niliyokupigia inabadilika.

Jingine dogo lenye sumu: wakala. Anaweza kuwa na wakala wa matangazo na akaendelea kucheza. Akikubaliana na wakala wa kumwakilisha NFL, hata kwa maneno, haki yake ya kucheza chuoni imekwisha siku hiyo. Wale wanaopiga simu kila siku wanalijua hilo vizuri kuliko kijana.

Tuje shambani kwako. Naheshimu sana ulivyolelewa, lakini mzee, tazama nani mwingine anaondoka kabla ya mavuno. Kocha Brian Kelly aliiacha Notre Dame mwishoni mwa Novemba 2021 akaenda LSU, vijana wakacheza Fiesta Bowl bila yeye. Kocha mwingine, Lane Kiffin, aliiacha Ole Miss Novemba 2025 ikiwa inakwenda kwenye mtoano, naye akaenda LSU hiyohiyo. Notre Dame, baada ya kuachwa nje ya mtoano Desemba 2025, ilikataa Bowl timu nzima. Anayemwita kijana wa miaka 21 msaliti aanze na hao wenye mishahara ya mamilioni.

Hata hivyo sitasema hakuna anayeumia. Florida State walimaliza 2023 bila kufungwa, mechi 13, wakaachwa nje ya mtoano. Wachezaji zaidi ya 20 hawakucheza Orange Bowl, wengine kwa kujitoa, wengine kwa kuhama, wengine kwa majeraha. Georgia ikawachapa 63–3. Waliobaki, wengi wao watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili, ndio walioinywa aibu ile mbele ya nchi nzima. Kijana akijitoa usiku wa kuamkia mechi, anamwachia mwenzake mzigo ambao hakuuzoea. Akijitoa wiki tatu kabla, mwenzake anapata mazoezi ya wiki tatu na nafasi ya kuonekana. Hiyo kwangu ndiyo tofauti ya adabu na utovu wa adabu, kuliko kucheza au kutocheza kwenyewe.

Nikipewa mwanao leo, kwa haya uliyoniandikia tu, ningesema acheze, isipokuwa kamati imempa raundi ya kwanza au ya pili, au ana kiungo kinachouma tayari. Kama kinauma, hata raundi ya sita, akae. Na mwulize yeye mwenyewe. Katika barua yako umenieleza anachosema mama yake, unachosema wewe na wanachosema mabwana wa simu.

Wiki hii fanyeni mambo kwa mpangilio huu: amwombe kocha apeleke ombi kwenye kamati kama bado, akae mbali na karatasi yoyote ya wakala, na nitumie nakala ya mkataba wake wa malipo, kurasa zote, pamoja na zile za nyuma zenye herufi ndogo. Nikiupata kabla ya Ijumaa nitakupigia Jumamosi jioni, na yeye awepo kwenye simu.