Spirulina peke yake itamfikisha mtu Mars?

Swali: Kaka habari za kazi. Nasikia wanaanga wakienda Mars watafuga spirulina, ule ukijani wa majini, humo humo chomboni, iwape hewa na chakula. Huku mtaani kuna jamaa anauza poda yake, anasema ukiila huhitaji kitu kingine. Ni kweli?

Jibu: Nzuri dada. Hili swali naulizwa kila siku, na karibu kila mara nyuma yake kuna muuza poda.

Kwenye hewa hujadanganywa. Wazungu wa Ulaya wana mradi wa anga unaitwa MELiSSA, ulianza 1989, matangi yake ya majaribio yako Barcelona, na kazi ya spirulina mle ni kuvuta kaboni dayoksaidi na kurudisha oksijeni. Ila taa zikizimika, hiyo hiyo spirulina inaanza kuvuta oksijeni ya watu. Na haiko peke yake, kuna bakteria wa kuozesha kinyesi na mabaki, wengine wanageuza amonia ya mkojo iwe naitreti, ndo spirulina na mimea ya chakula vipate mbolea. Ndiyo, mimea ya chakula, maana hata wao hawajawahi kupanga watu waishi kwa poda!

Piga hesabu mwenyewe. Mtu anataka kama kalori 2,500 kwa siku, gramu 100 za poda zina kama 290, kwa hiyo ale karibu gramu 860 kila siku. Zaidi ya nusu hapo ni protini tupu, halafu RNA na DNA zake, yaani chembe za urithi, zikisagwa mwilini zinaacha asidi ya yuriki, hiyo inayoleta gauti (ugonjwa wa viungo) na mawe kwenye figo, na mwanaanga tayari mifupa yake inamwaga kalsiamu kwenye mkojo, mawe yanamnyemelea hata kabla ya poda. Vitamini C karibu hakuna. B12 wanayoisifia, sehemu kubwa mwili hauwezi kuitumia.

Kinachoniuma ni wagonjwa wanaoachishwa dawa kwa maneno ya "chakula cha wanaanga". Na wengine wanakausha tu ukijani wa ziwani, eti flamingo wa Nakuru na Natron wanakula. Maji hayo hayo yanaweza kuwa na jamii nyingine za ukijani zenye mikrosistini, sumu ya ini, na kuchemsha hakuitoi. Mwambie huyo jamaa alete cheti cha maabara cha bechi hiyo hiyo anayokuuzia, kionyeshe kipimo cha mikrosistini na cha madini ya risasi. Hana? Usinunue, na mtoto asionjeshwe kabisa.