Hati ya 1289 si ya mwaka 1868, na shajara ya kununua haina babu yako ndani

SWALI: Assalam alaykum. Mimi nipo Muscat lakini kwetu ni Wete, Pemba. Babu mzaa babu yangu alikuwa mkulima wa mikarafuu. Tumebaki na hati yake moja tu ya Kiarabu, ya kununua mikarafuu, imeandikwa Rajabu 1289. Kuna bwana tulimlipa atutengenezee shajara ya ukoo, akasema hiyo ni 1868, akatupa vizazi 14 mpaka Oman na tarehe ya kuzaliwa babu, 12 Machi 1843. Nimekutumia picha zote. Mwaka ni sahihi? Na jina la mke wake nitalipataje?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu. Mwaka si sahihi, na najua kabisa huyo bwana alivyokosea kwa sababu kosa hili naliona karibu kila mwezi. Amechukua tofauti ya leo kati ya miladi na Hijria, ambayo ni kama 579, akaijumlisha na 1289 akapata 1868. Sasa mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo hiyo tofauti haikai pale pale, inapungua mwaka mmoja kwa kila miaka 33 hivi, na zamani hizo ilikuwa 583. Zidisha 1289 kwa 0.97 halafu ongeza 622, utaona inakuja 1872. Na Rajabu ya mwaka ule iliangukia Septemba. Basi babu yako kanunua mikarafuu yake Septemba 1872.

Utasema miaka minne ni nini. Kwenye karafuu miaka minne hiyo ni kila kitu, dada. Aprili 1872 kilipiga kimbunga kikang'oa mikarafuu ya Unguja, inakisiwa thuluthi mbili ya miti yote ilikwenda, mashamba ya wakubwa yakabaki magogo. Pemba ikasalimika. Bei ya karafuu ikapanda, na mkarafuu mpya unataka miaka sita saba mpaka uanze kuzaa, kwa hiyo mwenye miti iliyosimama Pemba mwaka ule alikuwa na dhahabu mkononi. Na babu yako kanunua miezi mitano tu baada ya kimbunga! Huyu mtu alikuwa anajua anachofanya, na pengine alikopa ili aipate miti ile kabla bei haijapanda zaidi. Ukiweka 1868 hadithi yote hii inapotea, inabaki karatasi ya mauzo tu.

Tena angalia kanunua nini. Hati inasema mikarafuu 40 na mipaka yake, haikutaja kununua ardhi, na kwetu miti ina mwenyewe na ardhi inaweza kuwa na mwenyewe mwengine, hilo mpaka leo watu wanagombana nalo mahakamani. Miti 40 ni ya mkulima mdogo. Wenye mashamba makubwa walihesabu kwa maelfu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nijibu swali lako kabla ya mengine yaliyokaa kwenye foleni.

Kuza picha ya hati, mstari wa tatu, baada ya jina la babu yako na "bin" yake. Kuna neno limebanwa karibu na pale karatasi ilipokunjwa, wino umefifia lakini linasomeka, ni ʻatiq, na baada yake jina la mtu mwengine. ʻAtiq ni aliyeachwa huru. Yaani mwandishi wa hati anamtambulisha mnunuzi kwamba ni fulani bin fulani, aliyeachwa huru na fulani. Bwana wa shajara kalisoma neno hili, maana majina ya mbele na ya nyuma yake kayanukuu vizuri tu. Hili moja kaliruka. Halafu lile jina la aliyemwacha huru kaligeuza likawa jina la babu mzaa baba, na kutoka hapo kapanda na nasaba ya huyo aliyemwacha huru mpaka Oman. Vizazi 14 mlivyolipia ni vya mtu aliyemmiliki babu yako. Samahani kukwambia hivi kwa maandishi, ningependa tungekaa tukazungumza.

Na hapa ndipo ninapokasirika kweli, kwa sababu si kwenu tu. Watu wengi wameingia kwenye biashara hii ya nasaba, wengine wana tovuti nzuri na mihuri ya rangi ya dhahabu, na wote wanauza bidhaa moja, unapeleka jina la babu unarudishiwa sharifu au sheikh wa Oman au Mshirazi. Sijapata kuona hata mmoja aliyerudishiwa mkulima! Dhana inayowalisha ni kwamba jina la mwisho ni jina la ukoo na ukoo ni damu. Kwetu haikuwa hivyo. Ukiitwa Juma bin Khamis, huyo Khamis ni baba yako tu, na mwanao hatomchukua. Nisba nazo, yaani lile jina la kabila au la mahali linalowekwa mwisho, wengi walioachwa huru walibeba nisba ya bwana wao, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiwatambulisha kwa kadhi na kwa mfanyabiashara anayewakopesha. Watu pia walijibadilisha wenyewe kadiri siasa ilivyobadilika, angalia sensa ya 1924 na ya 1931, waliojiandika Waswahili walipungua sana ndani ya miaka saba na wala hawakufa, walijiandika kitu chengine. Kwa hiyo mtu akikupandisha vizazi 14 kwa kufuata nisba peke yake, bila hati ya kila kizazi, huyo anabuni.

Utumwa katika Unguja na Pemba ulikuja kuondolewa kisheria 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje mpaka 1909. Babu yako alikuwa huru na ana miti yake 1872, miaka 25 kabla ya dekrii ile, yaani amri ya 1897. Mie nikisoma hati kama hii nasimama. Mtu ambaye pengine alianza kwa kuchuma karafuu za mwengine kaja kununua miti yake mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili, jina lake likaandikwa. Halafu anatokea mtu mwaka huu anamfuta kwa pesa zenu na anaweka mahali pake bwana wake.

Kuhusu kuzaliwa, hiyo 12 Machi 1843 futa. Hakuna aliyeandika tarehe ya miladi ya mtoto wa shamba Pemba wakati ule. Unachoweza kusema ni kwamba 1872 alikuwa mtu mzima anayefunga mkataba, basi hakuzaliwa baada ya 1857 hivi. Kwa zaidi ya hapo waulize wazee wa Wete, na usiwaulize mwaka, waulize ilikuwa wakati wa mfalme gani: Seyyid Majid 1856 mpaka 1870, Seyyid Barghash mpaka 1888, na kama kuna anayesimulia kwamba mzee alikuwa hai mizinga ilipopigwa Unguja, hiyo ni Agosti 1896. Kipimo hicho kinaaminika kuliko tarehe yoyote utakayouziwa.

Mke hutompata kwenye hati ya mauzo. Mtafute kwenye mirathi, kwa sababu Uislamu unataka kila mrithi ahesabiwe. Mume akiacha watoto, mke ana thumuni, yaani moja ya nane, mtoto wa kike nusu ya wa kiume, basi hata karatasi ikiwa imechanika majina, mafungu yenyewe yanakwambia alikuwa na watoto wangapi. Tafuta kwenye Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani, Unguja, kumbukumbu za makadhi na daftari za hati, na uliza kama ile miti 40 au sehemu yake iliwekwa wakfu. Tafuta pia kwa jina la yule aliyemwacha huru, kwa sababu karatasi za wakubwa ndizo zilizohifadhiwa na watu wao wamo humo humo. Kipimo cha DNA unachotumiwa kwa posta acha kwanza, hakikupi jina la mke.

La mwisho, na hili nakuomba kama dada yangu wa damu. Kwenye picha ya pili naona mmeanza kuifunga hati kwenye plastiki ya moto, kona moja imeshashikwa. Simamisheni leo hii. Karatasi ile ina zaidi ya miaka 150, ikishaingia kwenye plastiki ile haitoki tena bila kuchanika. Msiifute kwa maji, msiibandike selotepu, iwekeni ndani ya bahasha ya karatasi safi mbali na jua. Halafu igeuze unipigie picha ya nyuma, taa ikae pembeni si juu, maana kwenye ile picha uliyotuma naona kivuli cha maandishi yamepenya kutoka upande wa pili, na nyuma ya hati ndipo walipokuwa wakiandika kama miti iliwekwa rehani, kwa nani, na nani alikuja kuikomboa.