Mgumu mpya, anza na kamba

Kila msimu unapokaribia, wagumu wapya, yaani vijana wanaokuja Moshi kutafuta kazi ya kubeba mizigo mlima Kilimanjaro, huniuliza: "Kaka, ninunue nini kwanza?" Wanategemea nitaje viatu na jaketi. Hivyo utaazima. Hapa mjini KPAP, mradi unaowasaidia wapagazi, huazimisha nguo za baridi bila malipo, na ukiamka mapema kwenda soko la Memorial hukosi soksi nene za mtumba. Mimi nasemea vidude vya mfukoni, ambavyo hakuna atakayekuazima unapovihitaji, maana saa hiyo hiyo naye anavihitaji.

Kipimo changu ni kimoja: je, utaweza kukitumia gizani, vidole vimekufa ganzi, mzigo ungali kichwani? Kama jibu ni hapana, kiache dukani hata kama kinang'aa.

Safari yangu ya pili nilinunua mita kumi za kamba ya manila, ile ya plastiki ya buluu, nikajiona nimemaliza. Mvua ilitukuta kabla ya kambi ya Barranco. Asubuhi tunapanda ule ukuta wa mwamba ulio juu ya kambi, mkono mmoja juu ya mzigo na mwingine kwenye mwamba, fundo likateleza. Magodoro mawili ya wageni yakabiringika hadi yakanasa kwenye mawe. Gaidi, ndivyo tunavyomwita kiongozi wa wageni, hakusema neno, alinitazama tu. Heri angenitukana.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kamba ile haikuwa mbovu, ila mimi sikuijua. Plastiki ni kavu na ina utelezi, kwa hiyo fundo la kawaida halikai. Ongeza mzunguko mmoja na uache mkia mrefu. Uzuri wake ni nyepesi na hainywi maji, ila jua huila: ukiona nyuzi zinachanika kama manyoya, tupa. Katani ndiyo zao letu, tangu miche ya kwanza iletwe Tanganyika mwaka 1893, na fundo lake linashika vizuri. Lakini ikilowa hujikaza, usiku ukiwa na barafu utalifungua kwa meno, na ukiihifadhi mbichi inaoza. Kwenye mzigo wa mlimani siitaki.

Ninayoipenda ni nailoni ya kusuka, nene kama milimita 4, ile watu wanaiita parakodi. Ya kweli ina ganda la nje na nyuzi saba ndani, na hubeba kama kilo 250 ikivutwa polepole. Nyuzi za ndani ukizichomoa zinashona begi lililochanika. Za bandia zimejaa. Kabla ya kulipa, omba kukata ncha uone: ukikuta sufi tu ndani, mrudishie mwenyewe. Nyumbani tumbukiza kipande kwenye beseni la maji. Kikielea si nailoni, umeuziwa plastiki ya manila kwa bei ya parakodi. Nailoni nayo ina kasoro yake, ikilowa inanyumbuka, kwa hiyo kamba za hema ulizokaza mchana zikaze tena kabla ya kulala. Ncha zichome kwa moto zisifumuke. Na tafadhali, mtu asiteremshwe kwa kamba hiyo. Ni ya mizigo.

Mita kumi zinatosha, nazikata vipande vitatu. Watu wa bodaboda wana akili nyingine nzuri: ukanda wa tyubu ya baiskeli. Hauhitaji fundo gumu, unavutika na kushika magodoro vizuri kuliko kamba yoyote, na fundi baiskeli atakupa kwa bei ya soda.

Tochi iwe ya kichwani, maana mikono ina kazi. Betri za akiba ziweke mfuko wa ndani ukutane na joto la mwili. Baridi ya kambi ya Barafu huzimaliza kabla hujaziwasha. Simu vilevile. Kisu ni cha kukunja, chenye bledi moja na kufuli. Vile vya visu kumi na mbili na kifungua chupa ni vya kuonyesha stendi, na uzito wake utaujua ukipita kambi ya Karanga. Kiberiti cha gesi chagua cha kusugua gurudumu. Vile vya kubonyeza cheche huko juu hugoma.

Mzigo wa kampuni una kikomo cha kilo 20, lakini vyako navyo vinabebwa na shingo hiyo hiyo. Vyote nilivyotaja vinaingia kwenye kipochi kimoja kiunoni. Usivizike kwenye begi chini ya sandarusi, utavihitaji wakati huo huo begi limefungwa.

Kipande kifupi cha parakodi nilikuwa nimekifunga kwenye zipu ya jaketi, kama pambo. Sasa hivi sinacho: kiliteremka kambi ya Barafu kutoka Stella Point, kule ukingoni mwa kreta, kikiwa kamba ya kiatu cha mgeni, na sikuwa na moyo wa kumdai.