Kabla ya Kupeleka Majani Maabara

Wafugaji wengi wa Unguja na Pemba wanaowapa mbuzi na ng'ombe wao kivumbasi, mlonge au mwarobaini wa porini sasa wanataka kujua majani hayo yana shaba, zinki na madini mengine kiasi gani. Ni shauku njema. Kwa niliyoyaona katika kazi ya kukusanya sampuli, jambo linaloharibu majibu mara nyingi ni vumbi, kwa kuwa udongo una madini ya chuma mengi kuliko jani, na maabara haiwezi kuyatenganisha. Kata majani mbali na barabara ya kifusi, yaoshe haraka kwa maji yasiyo na madini wala si ya kisima, yakaushe kwa nyuzi 60 hadi 65, na usiyasage kwa kinu cha chuma au cha shaba.

Andika pia aina ya ardhi. Maweni ya Makunduchi au Micheweni yana chokaa nyingi, na chokaa huifanya zinki na manganizi zishikwe na udongo zisifyonzwe na mizizi kwa urahisi, ilhali molibdenamu hufyonzwa zaidi. Molibdenamu ikikutana na salfa tumboni mwa mnyama anayecheua huifunga shaba, kwa hiyo jani lenye shaba ya kutosha kwenye karatasi laweza lisimfae ng'ombe. Ndiyo maana nasisitiza shaba, molibdenamu na salfa vipimwe pamoja, ijapokuwa gharama huongezeka.

Anayetaka seleniamu aombe sampuli iyeyushwe kwa asidi, kwani kuichoma iwe majivu hupoteza sehemu ya madini hayo hewani.

Majibu yakija kwa miligramu katika kilo ya uzito mkavu, piga hesabu ya kinacholiwa. Ng'ombe anayekula kilo 10 za chakula kikavu kwa siku huhitaji takriban miligramu 300 za zinki. Tuseme jani lina miligramu 40 katika kilo: gramu 100 za unga wake zitampa miligramu 4 tu. Majani hayo yaweza kubaki kuwa dawa, lakini hayachukui nafasi ya jiwe la madini la kulamba. Kwa kondoo, ambao hudhurika na shaba upesi kuliko ng'ombe, hesabu kama hiyo ya shaba ifanywe kabla ya kuwapa jiwe lililotengenezewa ng'ombe.