Sinthetiki kwenye Probox ya kilomita 240,000? Chungulia chini ya gari kwanza

Ndugu, umesema Probox yako ishatembea kilomita 240,000, miaka yote unaitia oili ya kawaida, na sasa jirani anakushawishi uitie sinthetiki, oili iliyoundwa kiwandani kwa kemikali, injini "iwe mpya". Oili hairudishi chuma kilicholika. Sinthetiki nimeijaribu kwa magari mawili: moja lilinifaa, jingine likanitoa jasho.

Lililonitoa jasho ni Corolla kuukuu. Nilimwaga oili ya kawaida nikatia sinthetiki 5W-30. Wiki ya kwanza raha tupu, injini imetulia, ule mgongano wa vyuma wa asubuhi siusikii. Wiki ya tatu naondoa gari uani, Kisauni, naona doa jeusi sakafuni, upana wa sahani. Fundi akaingia chini, akatoka na kidole kimelowa: sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili isivuje pale injini inapokutana na giaboksi. Watu watakwambia sinthetiki inakula sili. Hizi za leo hazili. Sili yangu ilishachoka zamani, ila uchafu ulioganda ndio ulioiziba. Oili mpya ikausafisha, nayo ilikuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza, ikapata njia. Sili yenyewe bei ndogo. Gharama ni kushusha giaboksi.

Lililonifaa ni Forester ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani yake, na hapo sibishani na mtu. Tabo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inalainishwa na oili hiyo hiyo ya injini. Sasa umetoka Ukunda mbio, umefika foleni ya feri Likoni, unazima. Tabo bado ya moto, oili imesimama ndani yake. Ya kawaida huungua upesi ikaacha masizi magumu yanayoziba vinjia; sinthetiki hustahimili joto hilo zaidi.

Hiyo 5W ya kwenye chupa isikubabaishe. Ni habari ya kuwasha gari kwenye baridi kali, na Mombasa baridi tunaisikia kwa watu wa Limuru. Kwetu faida ni kustahimili joto.

Halafu bei. Mimi hulipa karibu mara mbili, na muuzaji hukutuliza kwamba utaenda hadi kilomita 15,000. Labda barabara kuu. Kwa foleni za Changamwe, gari linanguruma saa nzima na kilomita hazisongi, mimi namwaga kwenye 8,000.

Kwa Probox yako, chungulia chini. Kama kumelowa, tengeneza sili kwanza. Kama kukavu, anza na nusu-sinthetiki, yaani mchanganyiko wa sinthetiki na ya kawaida, ya 10W-40 iwapo kitabu cha gari kinaruhusu, na upime oili kwa kijiti kila Ijumaa kabla ya kuwasha.

Na nunua duka unalolijua, kwa sababu chupa za sinthetiki hujazwa tena oili ya ovyo zikauzwa kama mpya. Zangu nikimaliza nazitoboa kwa msumari pale pale gereji. Yule kijana anayeziokota huninunia kila mara.