Ukipiga 911, Anza na Mahali Ulipo

Nimekesha zamu nyingi kwenye kituo cha simu za dharura cha kaunti, huku Marekani, na swali letu la kwanza bado linawaudhi watu. Mtu kapiga 911 roho mkononi, nasi twamuuliza, "Uko wapi?" Anapaza sauti, "Mume wangu hapumui, leteni gari!" Namwelewa. Ila simu ikikatika hapo, nimejua mume hapumui, sijajua nyumba gani.

Wengi hudhani simu imeshatuonyesha kila kitu. Ya mezani huja na anwani yake. Ya mkononi mara nyingi huja na duara kwenye ramani, na ndani ya duara hilo panaweza kuwa na jengo zima; kama uko ghorofa ya pili au ya tisa, huenda nisijue. Ukiwa karibu na mpaka, mnara unaweza kukupeleka kwa kaunti jirani, nao wakuhamishie kwetu. Basi taja na mji.

Halafu, maswali hayacheleweshi gari. Ninachoandika kinatokea papo hapo kwenye skrini ya mwenzangu mwenye redio. Nikifika kwenye umri wa mgonjwa, ambulensi imeshaitwa. (Vituo vidogo, mtu mmoja hufanya kazi zote mbili. Chai yake huwa baridi.)

Usiku mmoja kijana alipiga, mama kaanguka jikoni, hapumui. Nikamwambia aweke spika, amlaze chali sakafuni, kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, abonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5. Tukahesabu pamoja, moja, mbili, tatu, nne, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Alikuwa akihema kuliko mimi nilivyowahi kumsikia mtu akihema. Mara mlango, buti, sauti ngeni, simu ikakatwa. Yaliyofuata sikuambiwa, ni nadra kuambiwa.

Kiingereza kikikukimbia, sema tu "Swahili" na usikate. Vituo vingi vina wakalimani wa simu. Umepiga kwa bahati mbaya? Usikate pia, sema umekosea. Ukinyamaza tutakupigia, na usipopokea polisi anaweza kubisha hodi.

Na ile simu kuukuu uliyompa mtoto achezee, hata bila laini bado inatupata, nasi hatuwezi kuipigia. Kuna Jumamosi mtoto mmoja alinisimulia katuni nzima, kwa awamu.