Jeti ya kabureta iliyogoma kutoka: jibu kwa msomaji wa Arua

SWALI: Msomaji wetu wa Arua amerithi kwa marehemu baba yake pikipiki ya Yamaha DT175, ambayo ilikaa ghalani miaka mingi ikiwa na petroli ndani. Injini inawaka choki ikivutwa tu, na ikirudishwa inazimika. Alipofungua kabureta, jeti kuu (jeti ni kijiskrubu cha shaba chenye tundu jembamba la kupimia petroli) ilitoka bila taabu, lakini jeti ndogo iligoma, na fundi wa jirani aliyeijaribu kwa bisibisi nene amekwisha kuimega ukingo mmoja wa mfereji wake. Fundi huyo sasa anataka kuitoboa kwa drili, na mwenzake anashauri kabureta itupwe na kufungwa ile ya Boxer. Msomaji anauliza amsikilize yupi.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Kabureta ya Boxer imetengenezwa kwa injini ya mipigo minne, na yako ni ya mipigo miwili, ambayo hunywa mafuta kwa namna nyingine kabisa. Hata ukiifunga na pikipiki ikawaka, mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwa na petroli kidogo kuliko inavyotakiwa utapandisha joto mpaka pistoni ishikane na silinda. Drili nayo ina nafasi yake, ila hiyo ni nafasi ya mwisho.

Dalili ulizoeleza zinaonyesha kwamba umeikamata sehemu yenye kosa, kwa maana jeti ndogo ndiyo inayolisha injini inapounguruma polepole, na choki hufidia kile ambacho jeti hiyo imeshindwa kupitisha. Kabla ya kuigusa tena, tafuta jeti mpya ya aina hiyohiyo na yenye namba ileile iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Kama Arua haipatikani, mtume mtu wa basi katika maduka ya vipuri ya Kiseka, Kampala, na umpe picha ya kabureta pamoja na maandishi yaliyo ubavuni mwake. Sisemi hivyo kwa sababu ya kuwa na mbadala peke yake. Jeti mpya ndiyo kipimo chako cha kazi yote inayofuata: itakuonyesha upana na kina cha mfereji, urefu wa sehemu yenye nyuzi za skrubu, na mahali ambapo nyuzi hizo zinaishia na mrija mwembamba unapoanza. Pia itakuhakikishia kwamba jeti yako imefungwa kwa nyuzi, kwa sababu zipo kabureta, hasa baadhi za kampuni ya Keihin, ambazo jeti ndogo hupachikwa kwa kugongewa kiwandani na haikukusudiwa kutolewa. Mtu anaweza kuhangaika nayo siku nzima bila faida. Ya kwako, kama bado ni ile ya kampuni ya Mikuni, aina ya VM, iliyokuja na pikipiki, ni ya nyuzi.

Sasa tengeneza bisibisi. Chukua bisibisi ya zamani yenye shina jembamba linaloingia ndani ya kisima cha jeti bila kugusa kuta, kisha uisugue ncha yake kwa tupa, ukiipima mara kwa mara katika mfereji wa jeti mpya, mpaka ijaze mfereji huo kwa upana na kwa unene bila kucheza. Nyuso mbili za ncha ziwe sambamba. Bisibisi za dukani huchongwa kama kabari, na kabari ikizungushwa hujisukuma juu na kung'oa kingo za shaba, na nadhani ndivyo ilivyotokea kwa jirani yako.

Kinachoishikilia jeti ni vitu viwili. Cha kwanza ni gundi ya petroli iliyokauka, ya rangi ya kahawia, ambayo huyeyuka kwa dawa ya kusafishia kabureta au kwa asetoni. Cha pili, ambacho ni kigumu zaidi, ni unga mweupe unaotokea pale jeti ya shaba ya manjano inapokutana na mwili wa kabureta, ambao ni aloi ya zinki, penye maji kidogo. Toa kwanza mpira wote, plastiki na boya, na ile skrubu ya hewa ya ubavuni, ukihesabu mizunguko yake mpaka ikae chini kabla ya kuifungua. Kisha loweka mwili wa kabureta usiku kucha katika mafuta ya kupenyeza; mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya giaboksi ya otomatiki unafaa sana. Usikubali ndimu, siki wala maji ya betri, ingawa wapo mafundi wanaoyasifu, kwa sababu asidi hula zinki yenyewe kabla haijamaliza uchafu.

Baada ya hapo joto ndilo litakalofanya kazi kubwa. Aloi ya zinki hutanuka zaidi ya shaba ya manjano kwa joto lilelile, takriban sehemu 27 katika milioni kwa kila nyuzijoto moja dhidi ya 19, kwa hiyo kabureta yote ikipata moto tundu hupanuka kuliko jeti iliyomo ndani yake. Tofauti hiyo kwa jeti ya milimita 5 ni kama sehemu tatu kwa elfu za milimita moja tu, lakini inatosha kuupasua ule unga mweupe, hasa ukirudia kupasha na kupoza. Njia iliyo salama kuliko zote ni sufuria ya maji yanayochemka: osha kwanza mabaki yote ya petroli na asetoni, tumbukiza kabureta kwa robo saa, itoe kwa kitambaa kinene, uifute, na uifungue papo hapo kabla haijapoa. Nyuzi zikiwa bado moto, gusisha kipande cha nta ya nyuki pembeni mwa jeti, nayo itayeyuka na kuingia yenyewe. Kwenu West Nile, nchi ya asali, nta si kitu cha kuagiza. Ukiwa na kifaa cha umeme cha kupulizia hewa moto unaweza kufika nyuzijoto 150. Kabureta isiwekwe juu ya sigiri hata kidogo, kwa maana aloi hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto 385 hivi, na makaa mekundu huvuka hapo kwa mbali.

Wakati wa kuzungusha, adui ni bisibisi kuruka. Kama kuna gereji yenye drili ya kusimama, omba wakufungie ncha yako ya bisibisi katika drili hiyo, plagi yake ya umeme ikiwa imechomolewa ukutani. Uishushe wima juu ya jeti, uikandamize kwa mkono wa drili, kisha uzungushe kwa mkono kile kichwa kinachoshika biti. Anza kwa kukaza kidogo, kiasi cha unywele, ndipo ufungue. Ukingo mmoja wa mfereji uliosalia mara nyingi unatosha kwa namna hii.

Ukingo huo nao ukivunjika, ndipo drili inaporuhusiwa. Toboa katikati kabisa kwa biti ya milimita 2, ukiwa umeifunga utepe kuonyesha kina, na kina hicho kisizidi sehemu ya nyuzi uliyoipima kwenye jeti mpya, kwa sababu mbele yake kuna njia nyembamba ambayo ukiiharibu kabureta imekufa. Biti inayokata kinyume, yaani kuelekea kushoto, ni bora, kwani mara nyingine hutoka na jeti yenyewe. La sivyo, chonga kipande cha chuma kiwe na pembe nne na kichongoke kidogo, kama mkia wa tupa, ukigonge taratibu katika tundu, upashe kabureta tena, kisha uzungushe. Vile vifaa vyenye msokoto kama wa skrubu vinavyouzwa kwa kutolea boliti zilizokatika sivipendi hapa: huitanua jeti na kuikaza zaidi, na vikikatikia ndani hakuna biti ya kawaida itakayovitoboa.

Jeti kuu yako imetoka, lakini anayesoma hapa na ya kwake imegoma ajue kwamba katika Mikuni hizi jeti kuu hufungwa ndani ya mrija wa sindano, yaani ule ambamo sindano ya kabureta hupanda na kushuka, ambao nao ni wa shaba, hivyo vyuma viwili hutanuka sawasawa na joto halina msaada mkubwa. Hapo tegemea kuloweka, na spana ya boksi inayokaa sawasawa.

Ukishatoa jeti, puliza kwa kompresa kuanzia kooni mwa kabureta, yaani njia yake kuu ya hewa, kurudi kwenye kisima, ili vumbi la shaba litoke badala ya kuingia ndani. Funga jeti mpya kwa vidole viwili juu ya bisibisi, ikikaa uiache. Rudisha skrubu ya hewa kwa mizunguko uliyoihesabu, washa injini ipate moto, kisha uizungushe kidogo kidogo huku na huku ukisikiliza. Ikiwa mlio haubadiliki hata kidogo, jeti haina kosa tena: kilichoziba ni kile kijitundu kilicho kooni, upande wa injini wa slaidi (kile kipande kinachopanda ukivuta gesi), nacho huzibuliwa kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli.